Mgongo wa Bingwa: Sandra Schmirler na Maradhi Yasiyofichwa

Mwezi Februari mwaka 2000, katika mji wa Moncton mashariki mwa Kanada, yalikuwa yakichezwa mashindano ya kitaifa ya vijana ya mchezo wa kerlingi. Miongoni mwa wachambuzi waliokuwa wakiyatangaza katika televisheni alikuwamo mwanamke wa miaka 36, bingwa wa Olimpiki, ambaye nchi nzima ilikwisha kusikia kwamba ni mgonjwa. Hakuwaacha waandishi wa habari wakisie. Aliketi mbele yao, akaitaja saratani kwa jina lake, akaeleza namna maradhi hayo yalivyoyageuza mambo aliyokuwa akiyathamini, na akazungumza kuhusu mume wake na binti zake wawili wadogo. Wiki chache baadaye, tarehe 2 Machi, Sandra Schmirler alifariki dunia.

Jina hilo halifahamiki sana Afrika Mashariki, na mchezo wenyewe haufahamiki kabisa. Hata hivyo, katika maisha yake na hasa katika mwaka wake wa mwisho mna mambo ambayo yeyote anayefanya kazi katika kliniki ya wajawazito au wodi ya saratani atayatambua mara moja, ingawa hajawahi kuiona barafu isipokuwa ile ya kwenye jokofu.

Kwanza mchezo. Timu mbili zenye wachezaji wanne kila moja hukutana kwenye uwanja mwembamba wa barafu, wenye urefu wa takriban mita 45. Kila mchezaji husukuma mawe mawili, na jiwe moja, lililochongwa kwa mwamba wa itale, hukaribia kilo 20. Shabaha ni kulifikisha jiwe katikati ya miduara iliyochorwa upande wa pili, ambayo wachezaji huiita nyumba, au kuliondoa jiwe la mpinzani lililotangulia kufika. Barafu hainyooshwi ikawa kama kioo. Hunyunyiziwa matone ya maji ambayo huganda na kuwa vijipele vidogo vidogo, na juu ya vijipele hivyo jiwe huteleza huku likipinda taratibu. Wachezaji wawili hukimbia mbele yake wakisugua barafu kwa fagio ili jiwe lisipunguze mwendo wala lisipinde kabla ya wakati. Mtu anayeutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza huona kichekesho: watu wazima wakipiga deki kwa hasira. Akiutazama kwa saa mbili huanza kuelewa kwa nini hufananishwa na sataranji.

Kwa jicho la kitabibu, si mchezo wa kupuuzwa. Anayesukuma jiwe huteleza akiwa amekunja goti moja hadi mwisho na kuuburuza mguu wa pili nyuma, kifua kikiwa karibu na barafu. Anayesugua huinamia fagio kwa nguvu zake zote, na mapigo ya moyo wake hupanda sawa na ya mkimbiaji. Magoti, mabega na sehemu ya chini ya mgongo huchakaa. Mchezaji wa kerlingi anayelalamikia mgongo ni jambo la kawaida kama ilivyo kwa mpagazi wa bandarini, na jambo hilo lina uzito katika habari hii.

Schmirler alizaliwa tarehe 11 Juni 1963 katika mji mdogo wa Biggar, jimbo la Saskatchewan, eneo tambarare la wakulima wa ngano ambako majira ya baridi ni marefu na ukumbi wa kerlingi ni mahali pa watu kukutana, kama baraza au kijiwe kilivyo kwingineko. Alisomea elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, kisha akahamia Regina, mji mkuu wa jimbo, akaajiriwa katika kituo cha michezo chenye bwawa la kuogelea. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mchezo haukuwa ajira. Yeye na wenzake, Jan Betker, Joan McCusker na Marcia Gudereit, walifanya mazoezi baada ya saa za kazi na kuomba ruhusa kwa waajiri wao walipolazimika kusafiri.

Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa wanawake wa Kanada mwaka 1993, 1994 na 1997, na katika kila mmoja wa miaka hiyo ikautwaa pia ubingwa wa dunia: Geneva, Oberstdorf, na mara ya tatu Bern. Kati ya ushindi wa pili na wa tatu pana miaka miwili ambayo haikuwapa taji lolote la nchi, na wachezaji wenyewe walikuwa wakiingia katika umri wa kuzaa. Katika michezo mingi hapo ndipo habari ya mwanamke huishia. Huagwa kwa shada la maua, na nafasi yake hupewa msichana wa miaka 20.

Schmirler alijifungua binti yake wa kwanza, Sara, mwezi Septemba 1997. Mwezi Novemba mwaka huohuo, akiwa bado ananyonyesha mtoto asiyetimiza miezi mitatu, aliiongoza timu yake katika mashindano ya mchujo mjini Brandon kutafuta tiketi ya Olimpiki. Katika fainali alisukuma jiwe ambalo Wakanada wanalisimulia hadi leo: lilipiga jiwe jingine lililokuwa pembeni, likabadili mwelekeo, likaingia ndani ya nyumba na kuling'oa jiwe la mpinzani. Likazaa pointi tatu. Mwezi Februari 1998, katika michezo ya Nagano huko Japani, ambako kwa mara ya kwanza wanawake walishindania medali kamili za kerlingi, Kanada iliifunga Uingereza 6 kwa 5 katika nusu fainali iliyoongezwa muda, kisha Denmark 7 kwa 5 katika fainali. Mama wa mtoto wa miezi mitano akavikwa dhahabu.

Ni rahisi kuisimulia habari hiyo kama muujiza wa mwanamke mmoja, na ndivyo inavyosimuliwa mara nyingi. Ukweli ni kwamba haikuwa muujiza bali mpango. Timu ilikuwa na mchezaji wa akiba, ilikuwa na waume na wazazi waliobeba watoto, na ilikubaliana mapema kwamba ujauzito wa mmoja ni jambo la wote. Waajiri wengi wa sekta ya afya, ambao wauguzi wao hurudi zamu ya usiku huku maziwa yakiwavuja kifuani, wangeweza kujifunza jambo hapo bila kuijua kerlingi.

Ujauzito wa pili ndio uliokuja na maradhi. Binti wa pili, Jenna, alizaliwa tarehe 30 Juni 1999. Katika miezi ya ujauzito huo mama yake alisumbuliwa na maumivu ya mgongo na matatizo ya mmeng'enyo wa chakula. Muda mfupi baada ya kujifungua ikagundulika kwamba ana saratani, nayo ilikuwa imekwisha kusambaa.

Hapa halaumiwi mganga yeyote, kwa kuwa anayetazama kutoka mbali, tena baada ya miaka mingi, hana haki ya kutoa hukumu. Lakini dalili zile mbili zinastahili kutazamwa, maana ndizo dalili zinazosikika kuliko zote katika kliniki yoyote ya wajawazito, iwe Regina, iwe Rufiji. Takriban nusu ya wajawazito huumwa mgongo. Tumbo linapokua, uti wa mgongo hujipinda kuubeba uzito mpya, na homoni za ujauzito hulegeza kano zinazoshikilia nyonga. Homoni hizohizo hulegeza pia lango la juu la tumbo la chakula, asidi ikapanda, mama akalalamika kiungulia na chakula kutoshuka. Kwa hiyo mhudumu anayesikia malalamiko hayo na kujibu, “Mama, ni ujauzito tu, yatakwisha,” mara nyingi sana husema kweli.

Ubaya wa jibu hilo ni kwamba linafaa kila mahali. Jibu lililokuwa sahihi kwa wanawake 999 hutolewa kwa sauti ileile na kwa uso uleule kwa yule wa 1,000. Na makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu ni kwamba saratani hugunduliwa katika ujauzito mmoja kati ya takriban 1,000. Ni nadra, ndiyo. Lakini hospitali kubwa ya rufaa inayozalisha maelfu ya wanawake kwa mwaka hupokea wanawake kadhaa wa namna hiyo kila mwaka, ijue au isijue.

Hakuna anayedai kwamba kila mjamzito anayeumwa mgongo apelekwe kwenye mashine. Kinachodaiwa ni maswali mawili matatu ambayo hayahitaji umeme. Je, maumivu humwamsha usiku, na hayatulii hata akijilaza? Je, anapungua uzito katika miezi ambayo alitakiwa kuongezeka? Miguu inakufa ganzi, au mkojo na choo vimekuwa vigumu kuvizuia? Je, chakula kinakwama, na kiasi anachoweza kumeza kinapungua wiki hata wiki? Mwanamke anayejibu ndiyo kwa mojawapo ya hayo amejitoa mwenyewe katika kundi la “ni ujauzito tu”, na anastahili kuonwa na daktari wiki hiyohiyo.

Tena ipo imani, hata miongoni mwa baadhi ya wahudumu, kwamba mjamzito hachunguzwi mpaka ajifungue. Imani hiyo imeua. Kipimo cha mawimbi ya sauti hakina mionzi. Picha ya kifua ya eksirei humfikishia mtoto aliye tumboni kiasi kidogo mno cha mionzi, na uvimbe unaweza kukatwa kipande kwa ajili ya maabara katika miezi yote ya ujauzito. Hata baadhi ya dawa za saratani zinaweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo kupita, chini ya uangalizi wa wataalamu. Kungoja huwa ni uamuzi, ingawa hauandikwi kwenye faili kama uamuzi.

Lililo zito zaidi ni wakati baada ya kujifungua. Ujauzito ukiisha, kisingizio nacho kimekwisha. Maumivu yaliyokuwa ya ujauzito hayana budi kupungua wiki hadi wiki. Yasipopungua, pana jambo. Lakini ni nani wa kuligundua? Atazamwe mama mmoja siku ya kliniki ya mtoto. Ameamka alfajiri, amekaa kwenye foleni, mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye kadi, sindano inachomwa, anaambiwa tarehe ya kurudi. Aliyepimwa ni mtoto. Mama alikuwepo kama mbebaji. Akiwa na uvimbe kwenye titi ataambiwa, pengine na jirani, kwamba ni maziwa yaliyoganda. Na huenda ni kweli, lakini uvimbe ambao haukuondoka baada ya wiki mbili si wa kukandwa kwa maji ya moto tena. Kumuuliza mama huyo, “Na wewe mwenyewe, hali yako?” kisha kulisubiri jibu, huchukua nusu dakika. Kliniki zinazofanya hivyo zipo, na wauguzi wake wanajulikana kwa majina na wanawake wa mtaa mzima.

Upande wa mgonjwa nao una yake. Mwanamichezo hufunzwa tangu utotoni kuyazoea maumivu na kuyapuuza. Huo ndio ustadi unaompa medali, na ndio huohuo unaomchelewesha kwa daktari. Mwili wake imara pia huwadanganya wengine, kwa kuwa hakuna anayetazamia saratani kwa mtu aliyekuwa akiteleza juu ya barafu mwaka jana. Mazoezi hupunguza uwezekano wa kupata aina kadhaa za saratani, lakini hayamwekei mtu kinga kamili. Mwanamke wa kijijini anayebeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni hajawahi kuvikwa medali yoyote, lakini amelelewa katika shule hiyohiyo ya uvumilivu. Akifika hospitali na kusema “naumwa kidogo”, mhudumu mwenye uzoefu hulipima upya neno hilo “kidogo”.

Turudi Moncton, kwenye kile kikao na waandishi. Katika wodi nyingi za Afrika Mashariki jambo la kwanza ambalo ndugu hulifanya, majibu ya maabara yanapotoka, ni kumvuta daktari pembeni kwenye korido na kumnong'oneza: “Daktari, usimwambie.” Tangu hapo maradhi huitwa uvimbe, kidonda, au “ule ugonjwa”. Mgonjwa husafirishwa mkoa hadi mkoa na kufikishwa kwenye hospitali ambayo neno saratani limeandikwa langoni kwa herufi kubwa, na bado watu wanaomzunguka hujifanya kwamba hajui kusoma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu mgonjwa, ilhali mara nyingi anayeficha si yeye, bali wale wanaompenda.

Wanaoficha wana sababu, na si sababu ya kudharauliwa: wanaogopa kwamba neno lenyewe litamvunja moyo afe kabla ya siku zake. Lakini gharama yake ni kubwa. Asiyejua anachougua hawezi kukubali wala kukataa matibabu kwa maana halisi. Hawezi kuwagawia wanawe alichonacho, kumaliza ugomvi na dada yake, wala kuchagua mahali pa kufia. Schmirler alikuwa na binti wa miaka miwili na mwingine wa miezi saba, na alitumia muda mfupi aliobakiwa nao akiwa anajua kwamba ni mfupi. Haki hiyo angenyang'anywa katika familia nyingi za hapa, tena kwa nia njema.

Kifo chake kilipotangazwa, kilielezwa kwa lugha ya vita, kama ilivyo desturi: alipigana, alipambana, hatimaye akashindwa. Lugha hiyo imezoeleka hata katika Kiswahili cha redio, na kwa mwanamichezo huonekana kumfaa zaidi. Haimfai. Anayeshindwa mchezoni huenda alikosea jiwe. Aliyekufa kwa saratani iliyosambaa hakukosea lolote. Wanaobaki wodini wakisikia habari hiyo hujiuliza kama wao watapigana vya kutosha, kana kwamba ini na mapafu hutii amri.

Mchezo wake mwenyewe ulikuwa na desturi yenye busara kuliko lugha hiyo. Katika kerlingi, timu inayoona kwamba mawe yaliyobaki hayawezi tena kubadili matokeo huvua glovu na kuwapa mkono wapinzani kabla mchezo haujafika mwisho. Hakuna anayewazomea, kuendelea pasipo tumaini ndiko kunakohesabiwa kuwa kukosa adabu. Mfano huu usivutwe mbali, kwa kuwa mgonjwa hana mpinzani wa kumpa mkono. Lakini wapo wagonjwa wanaotundikiwa dripu ya dawa kali ya saratani wiki ya mwisho ya maisha yao, mamia ya kilomita kutoka nyumbani, kwa sababu tu hakuna aliyethubutu kusema kwamba dawa hiyo haifai kitu tena. Walichohitaji ni mofini ya kunywa, kitanda chao, na mtu wa kuwageuza ubavu. Uganda iliuonyesha ukanda huu kwamba jambo hilo linawezekana bila utajiri, tangu Anne Merriman alipoanzisha huduma ya hospisi mjini Kampala mwaka 1993 na mofini ya maji, iliyo nafuu, ikaanza kuwafuata wagonjwa majumbani. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado kuna mahali ambapo daktari huogopa kuandika mofini kwa mgonjwa wa saratani kwa hofu ya kumfanya teja. Mgonjwa mwenye wiki tatu za kuishi hana muda wa kuwa teja.

Mazishi ya Schmirler yalirushwa moja kwa moja na televisheni ya Kanada. Wakati huohuo mashindano ya kitaifa ya wanaume yalikuwa yakiendelea Saskatoon, katika jimbo lake. Michezo ikasogezwa mbele ili watu waliomo ukumbini waitazame ibada. Kwa mfanyakazi wa bwawa la kuogelea, aliyecheza baada ya saa za kazi, hiyo ilikuwa heshima ambayo kwa kawaida hupewa viongozi wa nchi.

Mwaka 2001 marafiki na jamaa walianzisha mfuko kwa jina lake. Mtu angetarajia fedha hizo ziende kwenye saratani. Hazikwenda huko. Hununua vifaa vya wodi za watoto wachanga mahututi: waliozaliwa kabla ya wakati, wadogo mno, au wagonjwa. Wapo walioona ajabu. Lakini aliyewahi kumwona mtoto wa gramu 900 akisubiri mashine ya kupumulia iliyo kwa mwenzake hawezi kusema fedha hizo zimepotea njia. Huchangwa kila mwaka wakati wa mashindano ya wanawake wa Kanada, yaleyale aliyoyashinda mara tatu. Mchezo husimama kidogo, watu hupiga simu kutoa ahadi zao, kisha mawe huendelea kuteleza.